Kigoma, Kuwafuata Wasomaji

Nimeandika kuhusu Reli ya Kati miaka mingi bila kuipanda. Nasema kuipanda kweli, siyo kile kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma ambacho reli ya kisasa, SGR, imekifupisha tangu mwaka 2024 kiasi kwamba abiria anashuka kabla usingizi haujamkolea. Blogu yangu ni ya stesheni, mabehewa na miji iliyozaliwa na reli. Makala za Tabora nilizitoa vitabuni. Za Uvinza nilizitoa kwa wajomba waliofanya kazi relini, ambao kila mmoja ana namna yake ya kusimulia kisa kilekile. Magharibi ya Dodoma sikupajua hata kwa kuchungulia dirishani.

Kilichoniondoa nyumbani hakikuwa reli. Kilikuwa orodha ya majina. Kila nilipochapisha makala, barua pepe iliwaendea wote waliojiandikisha, na fomu ya kujiandikisha iliuliza mtu yuko mkoa gani. Kigoma ilishika nafasi ya pili baada ya Dar es Salaam, nami nilitamba nayo. Lakini kampuni niliyoilipa kunitumia hizo barua iliniletea pia ripoti ya nani kafungua na nani hakufungua, na safu ya Kigoma ilikuwa sifuri juu ya sifuri. Bili nayo ilikuja kwa dola, tena ilihesabu majina, haikuhesabu wasomaji: jina liwe hai, liwe limekufa, unalilipia. Nikaona kuliko kukaa nikibuni majibu, bora niende nikawaulize wenyewe. Baadhi walikuwa wameacha namba zao za simu. Nikawaandikia WhatsApp, wakanijibu karibu sana, dagaa wapo.

Kwenye stesheni ya zamani ya Dodoma palikuwa na ubao mweusi. Mkuu wa stesheni aliandika kwa chaki saa ya kuingia treni ya Kigoma, akaifuta, akaandika nyingine, na kabla jua halijazama akaifuta na hiyo. Hakuna aliyekwenda kumsumbua. Kila aliyepita aliutupia jicho ubao, akarudi kwenye mzigo wake. Akina mama walitandika kanga, watoto wakalala, muuza karanga akazunguka mpaka akajulikana kwa jina.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipoondoka. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, na kitanda cha chini mkabala na changu kilikuwa cha mwalimu mstaafu aliyefundisha historia huko Urambo na sasa anarudi kwao Nguruka. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akasogeza begi lake nipate pa kuweka miguu. Juu yake alilala kijana aliyekuwa na simu mbili na waya mmoja wa chaji.

Saranda ndiyo stesheni ya kuku. Hilo nililiandika siku nyingi, lakini sikujua lina fujo kiasi gani usiku. Treni haijasimama sawasawa, tayari masinia yako usawa wa madirisha, na mwanga wa simu unamulika mapaja yaliyokaangwa yakakauka. Bei inapanda na kushuka kwa kadiri injini inavyopiga honi. Mwalimu alinunua kwa dakika moja, kwa bei ambayo kijana wa juu hakuipata hata baada ya kubembeleza mpaka magurudumu yakaanza kuzunguka. Kutoka hapo reli inapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na ndani ya chumba unausikia mlima kwa jinsi treni inavyonguruma na kupunguza mwendo.

Baada ya Itigi mtandao ulikatika. Huko ni vichaka vilivyosongamana, kilomita kwa kilomita, na taa ya nyumba ni ya kutafuta. Kijana wa juu aliisogeza simu dirishani, akaigeuza, akaizima na kuiwasha. Ujumbe wake ulibaki na alama ya saa, haukwenda. Mmoja mmoja tukaweka simu chini. Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki anasoma, miwani puani, kidole gumba kikipandisha maandishi taratibu.

“Mwalimu, wewe unatumia laini gani?” kijana akauliza.

“Mtandao sina kama ninyi. Nasoma nilichokichota Dodoma.”

Akanipa simu nione. Palikuwa na programu iitwayo Feeder, na ndani yake orodha ya anakochota: DW Kiswahili, BBC Swahili, ukurasa mmoja wa wafuga nyuki, na chini kabisa blogu yangu. Makala aliyokuwa akiisoma ilikuwa ya stesheni ya Kigoma na namna Wajerumani walivyofikisha reli ziwani mwaka 1914. “Huyu bwana anaandika kama mtu aliyezaliwa Uvinza,” akasema. Nilipomwambia kuwa huyo bwana ndiye mimi, na Uvinza ndiyo kwanza naenda kuiona, alicheka mpaka kijana wa juu akainama kuona kuna nini.

Nikaipekua orodha yangu kichwani nikitafuta anwani yake. Haikuwemo. Hakuwahi kujiandikisha. Makala zote alikuwa anazo, nyingine amezisoma zaidi ya mara moja, na katika hesabu zangu hayupo kabisa.

“Anwani yangu ya nini?” aliniuliza, bila ukali. “Ule ubao wa Dodoma ulikuuliza jina kabla ya kukuonyesha saa ya treni?”

Alichokuwa akikichota Mwalimu kinaitwa mlisho. Kwa asiyeujua, ni faili la maandishi linalokaa kwenye tovuti ileile ya blogu. Ndani yake mna makala za karibuni, kila moja na kichwa, kiungo, tarehe, alama ya utambulisho isiyofanana na nyingine, na maandishi yenyewe. Programu iliyomo kwenye simu ya msomaji ndiyo inayokwenda kulichungulia faili hilo kila baada ya muda. Seva ikiwa imepangwa vizuri, na hakuna jipya, inajibu kwa namba 304, yaani hakijabadilika kitu, na mambo yanaishia hapo kwa baiti chache. Likiwepo jipya linashuka, linakaa kwenye simu, na linasomeka hata katikati ya vichaka vya Itigi. Msomaji akichoka anafuta jina la blogu kwenye orodha yake. Haombi ruhusa, wala hajazi fomu ya kueleza kwa nini anaondoka.

Barua pepe inakwenda kinyume. Mwandishi ndiye anayebisha hodi, na ili abishe hodi lazima awe na anwani ya kila mtu, kisha athibitishe kuwa ni yeye kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Kwa Gmail, anayetuma awe na SPF au DKIM, ambazo ni njia za kuonyesha kuwa barua imetoka kwa mwenye jina. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe nazo zote mbili, aongeze ya tatu iitwayo DMARC, na aweke kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja. Malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Sina ugomvi na masharti hayo, maana bila ulinzi wa namna hiyo sote tungezama kwenye matangazo ya dawa za nguvu na bahati nasibu. Ila mtu anayeandika kuhusu mataruma ya reli anajikuta ana kazi ya pili ya kuthibitisha kuwa yeye si tapeli.

Tabora tuliingia asubuhi. Hapo ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, mabehewa yanakatwa na kuungwa, na abiria wana muda wa kushuka kunyoosha miguu. Asali inauzwa kwenye chupa za maji. Mtandao ulirudi kwa kishindo, simu zote za behewa zikaanza kulia kwa pamoja, picha za asubuhi njema na video za makundi zikaporomoka, na kijana wa juu akatangaza kuwa bando lake limekwisha kabla hata hajajibu ujumbe mmoja. Mwalimu aliivuta orodha yake chini kwa kidole, duara likazunguka kidogo, makala mpya zikapanga foleni. Akaizima data, akaenda kununua asali.

Nilichukua simu yangu nikaingiza anwani ya blogu na neno feed mwishoni. WordPress hutengeneza mlisho wenyewe, uwe umeuomba au hukuuomba. Yakaja maandishi matupu yenye mabano ya pembe kila upande: kichwa cha makala, tarehe, aya za kwanza, aya za mwisho. Hakuna rangi, hakuna tangazo, hakuna dirisha la kukuziba uso likikusihi ujiandikishe. Niliisoma makala yangu ya Tabora nikiwa nimesimama Tabora, na katika sura hiyo ya uchi nikaona aya mbili ambazo hazikuwa na kazi yoyote.

Kati ya Usoke na Kaliua Mwalimu alinipa somo, na mwalimu wa historia hakuachii kitu bila mwaka. RSS, muundo wa kuandikia milisho, ilianzia kampuni ya Netscape mwaka 1999. Mtengeneza programu Dave Winer akaitoa RSS 2.0 mwaka 2002, ndiyo inayotumika zaidi mpaka leo, na mwaka 2005 ikaja dada yake, Atom, ikiwa kiwango rasmi cha IETF, chombo cha viwango vya intaneti. Mwaka huohuo Google wakafungua Google Reader, huduma ya kusomea milisho. Walipoifunga tarehe 1 Julai 2013, wengi walitangaza msiba wa milisho yote.

“Waliofunga ni duka,” Mwalimu akasema. “Barabara ipo.”

Hilo la barabara lina ushahidi wake kila siku, kwani podikasti nyingi zinasafiri kwa mlisho huohuo, na anayezisikiliza kwenye daladala anatumia RSS bila kuijua. Mwaka 2021 nao una kisa kinachotuhusu zaidi sisi. Blogu nyingi za Kiswahili zilizaliwa Blogger, na wengi waliweka pembeni kile kisanduku cha kufuata kwa barua pepe. Barua zake zilitumwa kupitia huduma iitwayo FeedBurner, na Julai 2021 utumaji huo wa barua ulisimamishwa. Wenye blogu waliopakua orodha zao walihamia kwingine. Wasiopakua walibaki bila njia ya kuwapata watu waliowapa anwani zao kwa hiari. Mlisho wa blogu hizohizo haukukatika. Waliokuwa wakiuchota waliendelea kuuchota.

Mwalimu alishuka Nguruka na mfuko wa asali. Alichoniachia kwa kuaga kilikuwa lalamiko: tovuti zinazoweka mistari miwili tu kwenye mlisho na kumwambia msomaji abofye kuendelea. “Nibofye nini huku porini?” Daraja la Malagarasi tulilipita mchana, maji mapana na ya polepole, na Uvinza ya chumvi niliiona kwa dakika chache za kusimama, vumbi, mifuko na watoto wa kuuza mihogo. Sitaiandika zaidi ya hapo mpaka nirudi nikae.

Kigoma reli inakwisha na ziwa linaanza, hakuna nafasi ya kufikiri katikati. Jengo la stesheni la Wajerumani bado linafanya kazi yake. Nilipata chumba eneo la Mwanga, na kesho yake nikaanza kazi iliyonileta.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la vitenge karibu na soko. Alinikaribisha kwa kiti na soda, akanisimulia makala zangu za mwanzo kwa ufasaha wa kunitia aibu. Kisha akasema, “Tatizo lako uliacha kuandika.” Nikamwambia sijaacha. Akatoa simu. Ile barua pepe alifunguliwa na fundi aliyemuuzia simu, kwa kuwa simu janja haifanyi kazi zake zote bila akaunti; neno la siri halijui, na hajawahi kulihitaji. Tulipoifungua sanduku lilikuwa na onyo jekundu: nafasi imejaa. GB 15 za bure zote zimeliwa na video za harusi na nakala za WhatsApp, na sanduku likijaa barua mpya hazipokelewi. Makala zangu zote za siku nyingi zilikuwa zimegonga mlango huo na kurudishwa, na yeye amekaa akidhani nimechoka.

Tulipakua Feeder palepale kaunta, wateja wakisubiri. Haikutaka akaunti wala neno la siri. Nikabandika anwani ya mlisho, makala zikaingia, na binti yake akaongeza BBC Swahili bila kufundishwa na mtu.

“Nalipia?” mama akauliza.

“Hulipii, dada.”

“Na wewe utajua kama nimesoma?”

“Sitajua.”

“Afadhali. Nikikawia kusoma usije ukaninunia.”

Kijana mmoja wa Kibirizi alinivuruga hesabu. Amemaliza chuo, anatafuta kazi, na kwa sababu hiyo barua pepe anaifungua asubuhi na jioni. Barua zangu anazipata zote na anazisoma zote. Nikamwonyesha ripoti inayodai hajafungua hata moja. Tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, harufu ya dagaa wakianikwa ikituzunguka, mpaka tukalielewa jambo lenyewe. Ripoti ya kufunguliwa inategemea picha ndogo isiyoonekana iliyofichwa ndani ya barua. Picha ikishuka, seva inaandika kuwa fulani kafungua. Yeye picha amezizuia ili bando lidumu. Anasoma gizani, kwa upande wa ripoti. Na kwa watu wenye simu za Apple kosa linaweza kuwa la upande wa pili, kwani tangu mwaka 2021 programu yao ya barua ina kinga inayozishusha picha zenyewe, mtu asome asisome. Kwa hiyo ile safu ya sifuri iliyonipandisha treni haikuwa na maana niliyoipa, na asilimia nzuri za mikoa mingine nazo huenda hazina.

Nilipomweleza kuhusu mlisho alisikiliza kwa adabu, halafu akatikisa kichwa. “Kaka, ile makala ya bandari nilikujibu, ukanijibu. Huko kwenye mlisho nitakujibu wapi?” Sikuwa na la kumwambia. Mlisho hauna kitufe cha kumjibu mwandishi. Baadhi ya makala zangu bora zilizaliwa na majibu ya barua, mtu wa Kaliua akinieleza habari za babu yake, mtu wa Morogoro akinitumia picha ya tiketi. Hilo ni pengo la kweli, na anayewauzia watu mlisho bila kulitaja anawadanganya.

Wengine niliokutana nao walikuwa kati ya hao wawili: aliyebadilisha simu, aliyesahau, aliyekuta barua zangu zimewekwa na takataka. Bibi mmoja wa Ujiji alijiandikisha kwa niaba ya mjukuu aliyehamia Dar es Salaam, hivyo hesabu yangu ya Kigoma ilikuwa na mtu wa Temeke.

Kwa anayetafuta wadhamini, mlisho ni mgumu. Mdhamini anataka idadi, na mlisho unakupa makadirio tu, hasa pale programu moja inapochota kwa niaba ya watu wengi. Sitamlaumu anayeshikilia orodha yake kwa sababu ndiyo inayomlipia umeme. Ila orodha nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye bili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume inayoisimamia sheria hiyo na azilinde. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Anwani ya barua pepe yenye jina na mkoa ni taarifa binafsi, na mimi nilikuwa na mamia yake kwa kampuni iliyo nje ya nchi, ilhali nilichohitaji ni kumwambia mtu kuwa makala mpya imetoka. Kwa blogu ndogo isiyouza kitu, nimeshaamua: mlisho uwe njia kuu, barua pepe ibaki kwa wanaoiomba na kuijibu.

Ndivyo nilivyofanya kabla ya kuondoka Kigoma. Niliwaandikia wote walio kwenye orodha barua moja ya mwisho, yenye anwani ya mlisho na maelezo ya kuuweka kwenye simu. Nikamwambia anayetaka kuendelea na barua ajibu kwa neno moja, na asiyejibu jina lake nitalifuta. Wasiofikiwa na barua hiyo nimewawekea maelezo yaleyale juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, panapoonekana bila kutafuta. Waliojibu ni wachache kiasi cha kuandikiwa kwa mkono wangu mwenyewe, bila kampuni katikati. Mwalimu wa Nguruka hakuathirika na lolote kati ya haya.

Mwenzangu mwenye blogu, kaukague mlisho wako leo. Kwa WordPress andika anwani ya tovuti yako na /feed/ mwishoni. Kwa Blogger ni /feeds/posts/default. Ukikuta mistari miwili ya kila makala halafu kimya, ingia kwenye mipangilio uchague makala nzima. Kisha weka kiungo chake mahali msomaji atakapokiona, na umwandikie kwa Kiswahili cha kawaida jinsi ya kukitumia, kwa kuwa wengi hawajawahi kuambiwa kuwa kipo.